Mnaoonea haya waya jukwaani, hebu tuongee

Kuna kitu nakiona sana hapa Mombasa na kinanikera. Bendi ikipata pesa ya vifaa, hata kabla mikisa, ile mashini ya kuchanganya sauti, haijakaa sawa, kiongozi ashakimbilia wairelesi, yani iafoni zisizo na waya. Anataka kila mtu avae kiboksi cha antena kiunoni, tuonekane kama wale wa kwenye runinga. Waya ati ni ushamba. Mimi nasema hivi na anicheke anayetaka, kwa wanamuziki wengi wa hapa, wa hotelini, wa harusini, wa kanisani, kusikia monita, yani kujisikia mwenyewe na wenzako jukwaani, kwa iafoni za waya ndo mpango, na hiyo pesa ya wairelesi iende kwengine.

Kwanza tukubaliane kuhusu monita za chini, yale maspika yanayolala sakafuni yakikuangalia usoni. Kwenye uwanja mkubwa wa wazi hayana neno. Lakini nyinyi mwajua kumbi zetu za harusi zilivyo, taili chini, kuta tupu, dari la chini, feni zinazunguka, na jukwaa lenyewe futi chache tu watu sita wamebanana. Mpiga kinanda anataka ajisikie, anaongezewa. Mwimbaji naye hajisikii tena, anaongezewa. Mpiga drami anapiga kwa nguvu zaidi manake hasikii besi, na mwisho maiki inaanza kupiga mluzi na kila mtu anamgeukia fundi wa sauti kana kwamba ni yeye aliyejenga ukumbi. Anayeumia zaidi ni mpiga udi. Udi sauti yake ni ndogo kwa asili, ukiuwekea maiki karibu na monita unalia uuu kabla hujapiga hata taksimu, kile kipande cha kufungulia cha udi peke yake, ukiupunguza mwenyewe hasikii anachopiga na anabaki kuangalia vidole. Nimewaona wazee wanaojua maqam zote, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, wakipiga hivyo hivyo kwa kubahatisha, na ukumbini watu wanadhani mzee amechoka. Hajachoka, hasikii!

Sasa mzee huyu huyu mpe iafoni, sauti ya udi iwe juu, kinanda kidogo, mwimbaji kidogo. Jukwaa linatulia manake ile kelele ya monita imeondoka, na maspika ya nje, yanayowaelekea watu, yanasikika masafi zaidi kwa sababu maiki hazichukui tena takataka za jukwaani.

Na mzee ameketi! Hapo ndo hoja yangu yote ilipo. Mpiga udi ameketi, mpiga kinanda yuko nyuma ya kinanda chake usiku kucha, mpiga drami haendi popote, wa fidla ana kiti, wa besi mara nyingi hatembei zaidi ya hatua mbili. Wairelesi ya nini kwa mtu aliyeketi? Hata huko Marekani, hizi iafoni za kutengenezwa kwa umbo la sikio la mtu zilipata umaarufu mkubwa katikati ya miaka ya 90, pale Jerry Harvey, aliyekuwa fundi wa monita wa bendi ya roki ya Van Halen, alipomtengenezea Alex Van Halen, halafu ndo akaanzisha kampuni ya Ultimate Ears mwaka 1995. Alex ni mpiga drami. Mtu wa kiti.

Tuje kwa pesa. Seti moja ya wairelesi ya maana, ya Shure ama Sennheiser, ni laki moja na kupanda, na hiyo ni ya mtu mmoja tu. Bendi ya watu watano fanya hesabu mwenyewe halafu uniambie hoteli gani ya Nyali au Diani inalipa hiyo pesa. Zile za bei rahisi zipo lakini ndo zinazokukatikia katikati ya wimbo. Manake hewa yenyewe imejaa, MC ana maiki yake ya wairelesi, wa video wana zao, hoteli ina waifai kila kona na simu za wageni mia tatu. Halafu kuna hizi za mitumba zinazofanya kazi kwenye masafa ya megahezi 700 na 800, masafa hayo ndo yale yale ambayo baada ya runinga ya analogi kuzimwa 2015 yamekuja kupewa kampuni za simu. Unanunua kitu kimekaa vizuri kwa boksi, kumbe unashindana na mnara wa simu. Waya haushindani na mtu.

(Na tafadhali asije mtu na zile iafoni za blututhi. Sauti inachelewa, na si kidogo, utapiga drami ukisikia pigo lako likija nyuma yako. Za kusikilizia muziki kwenye matatu ni sawa, jukwaani hapana.)

Kinachohitajika ni kiboksi kidogo cha kuvaa kiunoni ama kubana kwenye stendi ya maiki. Kile kinachoonekana sana ni Behringer P2, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, waya wa XLR, ule wa pini tatu kama wa maiki, kutoka kwa mikisa unaingia upande mmoja na iafoni upande wa pili, na kirungu cha sauti kiko hapo hapo mkononi mwako. Bei yake hata robo ya wairelesi haifiki. Kuna kitu kimoja tu kinawasumbua watu na hicho ukikijua umeshamaliza, kile kiswichi cha mono na stirio. Oksi ya kawaida, yani ile njia ya mikisa inayopeleka sauti kwa monita, ikija kwa XLR ni mono, sauti moja kwa masikio yote, sasa kiswichi kikikaa kwa stirio sauti inakuja ya ajabu, ama sikio moja linakufa kabisa ama sauti inakosa kitovu, inaelea elea kichwani na besi imepotea. Watu wanatupa kiboksi wakisema kibovu. Sukuma kiswichi. Na kama wewe ni wa kinanda na huendi popote, hata kiboksi cha betri huhitaji, amplifaya ndogo ya hedifoni kando ya kinanda inatosha na betri haziishi katikati ya shoo.

Ubaya wa waya naujua na sitauficha, hasa kwa mji wetu huu. Chumvi ya bahari na jasho vinakula jeki. Ukipiga hoteli za ufukweni kila wiki, utaona zile ncha za shaba zinaanza kuwa kijani, sauti inakwaruza ukisogea. Kwa hiyo ukinunua iafoni chukua zile ambazo waya wake unachomoka kutoka kwa kile kipande cha sikio, kama SE215 za Shure au hata zile za KZ za Mchina, manake kinachokufa kwanza ni waya na waya mpya ni pesa kidogo. Futa kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, usizikunje na kuzitia mfukoni na jasho lake. Waya wenyewe upitishe mgongoni ndani ya shati, utokee kwenye ukosi, na wa gita aufunge pamoja na waya wa gita uwe mkia mmoja, hapo hakuna cha kujikwaa.

Mpira wa sikio sasa. Watu wanavaa ule uliokuja kwa boksi basi, halafu analalamika hakuna besi. Besi inapotea pale mpira usipoziba sikio. Jaribu saizi zote, jaribu zile za sponji unazominya kwanza halafu zinajaa zenyewe ndani. Ukiziba vizuri huhitaji sauti kubwa, na hili si dogo, taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, kiwango chao ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, yani ukifika 100 una kama robo saa tu. Harusi ya Mombasa ni robo saa? Kwa hiyo iafoni inaweza kukuokoa masikio na inaweza kukumaliza, inategemea kirungu umekikaza hadi wapi. Na mwambie fundi aweke limita, kile kizuizi cha sauti isipite kiwango, kwenye ile oksi yako, usiutegemee ule ulinzi wa kiboksi cha bei rahisi, manake siku mtu akiangusha maiki au jeki ikichomolewa kwa ghafla, ule mlipuko wote uko ndani ya kichwa chako.

Wengine husema ukivaa hizi unakuwa peke yako, husikii vigelegele, husikii watu wakiitikia, na taarabu bila kuitikiwa ni nini. Hapo wana haki kabisa. Lakini dawa yao ni mbaya kuliko ugonjwa, wanatoa iafoni ya sikio moja. Ukitoa moja, lile lililobaki utaliongezea sauti bila kujua, na lile lililo wazi linakula drami moja kwa moja. Dawa ni kuweka maiki moja pembeni mwa jukwaa, mbili ukiwa nazo, zikiangalia watu, ziende kwenye iafoni peke yake zisitoke kwa maspika ya nje. Kina mama wakipiga vigelegele unavisikia vyote tena bila ule mwangwi wa ukumbi.

Mafundi wetu nao wana maneno yao. Fundi wa hapa kazoea oksi mbili za monita na amemaliza, sasa wewe unamwambia kila mtu anataka yake anaona unamtesa. Ongea naye mapema, kabla ya siku yenyewe, si pale bibi harusi yuko mlangoni. Mwambie oksi zichukue sauti kabla ya feda, kile kitelezi cha mikisa cha kupandisha sauti ya nje, ili akipandisha mwimbaji kwa nje masikio yenu yasipasuke. Kama mikisa ni ya dijitali kama XR18 ya Behringer, hiyo ina oksi sita, na kila mwanamuziki anaweza kujipangia monita yake kwa simu yake mwenyewe, ila tafuteni ruta ya nje manake waifai ya ndani ya ile mashini haiaminiki kukiwa na watu wengi. Fundi akiona hamumsumbui tena kwa ishara za vidole juu vidole chini, wallahi atawaombea dua.

Anabaki mwimbaji. Huyu siwezi kumfunga waya, hasa wa harusini. Anashuka, anawafuata waliokaa mbele, wanakuja kumtuza, wanamzunguka na kucheza naye, mmoja anambandika noti kwenye paji la uso, waya hapo utakanyagwa ukatike ama umvute mtu kichwa. Huyo mnunulieni wairelesi. Moja, nzuri, ya masafa yanayoruhusiwa, na kiboksi cha waya kikae tayari kando ya stendi yake betri zikikataa. Wengine wote na viti vyenu, kebo zipo, shikeni.