Pesa za Mazoezi Zianzie Kwenye Njia za Miguu

Kaunti zetu zikitaka kuonyesha kwamba zinapambana na presha na kisukari, huandaa mbio. Hukodiwa hema na spika, hugawiwa fulana na maji ya chupa, kisha ripoti hutaja idadi ya waliojitokeza. Naipinga hesabu hiyo. Kijana anayekimbia kila alfajiri hapa Kisumu angekimbia tu, fulana au hakuna. Cha kuhesabiwa ni shilingi ngapi zimetumika kwa kila mtu ambaye hakuwa akijishughulisha, akaanza, na mwaka mmoja baadaye bado anaendelea.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa kasi nusu saa, siku tano, kunatosha. Wakazi wengi wa mitaa yetu ya Nyalenda na Manyatta huzimaliza dakika hizo wakienda kibaruani au sokoni Kibuye. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba Wakenya wazima wasiofikia kiwango hicho ni chini ya mmoja kati ya kumi. Lakini uchunguzi huohuo ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba miguu peke yake inatosha. Chumvi, sigara na pombe zina sehemu yao.

Tunatembea kwa sababu nauli haipo. Siku mtu anapopata kazi ya ofisini, jambo la kwanza ni kupanda bodaboda hadi mlangoni, na nani atamlaumu? Kwa hiyo, kwa mji kama wetu, programu ya bei nafuu kuliko zote ni ile inayomfanya anayetembea leo aendelee kutembea hata akiwa na pesa mfukoni. Shangazi yangu aliambiwa kliniki atembee kila jioni. Ana nia kabisa, ila giza likianza kuingia hatoki, maana taa hakuna na bodaboda hupita palepale anapokanyaga. Ushauri aliopewa ni mzuri, lakini barabara inampokonya. Kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa Mei 2022, katikati ya mji palitengenezwa vizuri, na watu wanatembea hapo. Ukielekea mitaani, njia inakatika, unabaki kugombania ukingo wa lami na tuktuk. Taa, kivuko na miti ya kivuli hugharimu mara moja, kisha huhudumia maelfu kila siku, wakiwemo wasiowahi kusikia neno kampeni.

Kuna pia kuzuia magari yasipite barabara fulani kwa saa kadhaa, ili watu watembee na kuendesha baiskeli humo. Bogotá, nchini Kolombia, ilianza mwaka 1974, na huko hufanyika kila Jumapili na sikukuu. Watafiti waliolinganisha miji kadhaa, katika matokeo ya mwaka 2012, walikuta gharama ya Bogotá ni takriban dola 6 kwa mtumiaji kwa mwaka, na kila dola ilirudisha zaidi ya dola 3 kwa kupunguza gharama za matibabu. San Francisco, ambako hufanyika mara chache, ilikuwa takriban dola 70. Tofauti hiyo inanifundisha mengi kuhusu mbio zetu za mara moja kwa mwaka. Kigali inafanya vivyo hivyo tangu 2016, na hiyo ni jirani yetu. Oginga Odinga Street asubuhi ya Jumapili haina shughuli kubwa ya kutuzuia.

Halafu kuna wahudumu wa afya ya jamii. Tangu 2023 zaidi ya laki moja wamepewa vifaa, ikiwemo mashine ya kupima presha, na tayari wanaingia majumbani. Anayepima mkono wa mama anaweza kumuuliza hapohapo anatembea kiasi gani, na kinachomzuia ni nini. Majibu hayo yaandikwe na yafike kwa mhandisi wa barabara, si kwa daktari pekee.

Vikao vya umma vya bajeti vikiitishwa, mimi nitauliza swali moja: mwaka jana kaunti ilitumia pesa ngapi kwa mbio na matamasha ya afya, na ngapi kwa njia za miguu mitaani? Nakuomba nawe, uwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, uliulize pia, na usiondoke kabla hujatajiwa takwimu zote mbili.