Viwanda vyetu vijifunze kwa Olkaria

Kiwanda kipya kinapozinduliwa, iwe hapa Nakuru au kule Kisumu, hotuba zote huwa za mashine: bei yake, ilikotoka, kasi yake. Ni nadra kusikia nani ataifungua siku itakapogoma. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza.

Tazama Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme huzalishwa kwa jotoardhi, yaani mvuke wa moto kutoka chini ya ardhi. Visima viwili vya majaribio vilichimbwa huko miaka ya 1950 na havikutoa umeme wowote. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwaka mwaka 1981. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu, megawati 45. Wakati huo tuliwategemea sana wataalamu wa kigeni. Lakini Wakenya wakapelekwa Iceland, kwenye mafunzo ya jotoardhi ya miezi sita, kisha wakarudi kwenye visima vilevile: kusoma vipande vya mawe vinavyopanda na tope la kuchimbia, kupima joto na shinikizo, kuamua kisima kipindishwe wapi ili kikate ufa wenye mvuke. Huko kurudi kisimani ndiko kulikojenga ujuzi. Ukimsomesha mtu kisha ukamketisha ofisini kupiga mihuri, karo hiyo umeitupa.

KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme inayoendesha vituo vya Olkaria, ilinunua mitambo yake yenyewe ya kuchimbia. Ikafunga jenereta ndogo kwenye visima, mvuke uzalishe umeme bila kungoja kituo kikubwa kikamilike. Mwaka 2019 ikapata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia, na 2021 Djibouti.

Mumias, kampuni ya sukari ya magharibi mwa Kenya, nayo ilibuni. Mwaka 2009 ilianza kuuza kwenye gridi umeme wa makapi ya miwa, ikafuatisha kiwanda cha ethanoli. Miwa ikapungua, madeni yakazidi, na 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kushika mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Kinachoniuma zaidi ni mafundi waliotawanyika na yote waliyoyajua kuhusu mitambo ile.

Ndiyo maana nataka mkataba wa kununua mtambo useme wazi: fundi wetu awepo tangu boliti ya kwanza inapokazwa, michoro ibaki kiwandani, na mfanyakazi anayevumbua njia ya kupunguza hasara alipwe kwa wazo lake. Vijana wa vyuo vya ufundi wanaokuja kujifunza kazini wapewe spana, si ufagio. Kaunti zinazowapa wawekezaji ardhi ziweke sharti hilo kabla ya kutia sahihi.