Joto la Muscat tusilie kuliko wanaofanya kazi juani

Kila ikifika mwezi wa sita magrupu ya WhatsApp ya waswahili huku Muscat, Oman, yanajaa picha za dashibodi za magari, digrii 47, digrii 48, na ndugu huko nyumbani wanatutumia pole. Mi naona pole hizo wanastahili wengine. Sisi wa maofisini joto tunakutana nalo kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, basi, alafu kiyoyozi.

Tena sio mchana unaomaliza mtu, ni usiku na unyevu wa bahari. Jasho linapoza mwili likikauka, sasa hewa ikiwa imejaa maji jasho linatiririka tu na joto linabaki mwilini. Kule Quriyat, mji wa pwani karibu na Muscat, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya digrii 42.6 siku nzima, yani hata alfajiri!

Nyumbani tuna ujanja wetu. Tanki liko juu ya paa kwa hiyo bomba la maji baridi linaunguza, basi unazima hita ya bafuni, maji yanakaa humo ndani kivulini yanapoa, ukitaka kuoga unafungua bomba la moto ndo unapata maji ya kuvumilika. Na laban (maziwa mgando ya kunywa) yenye chumvi kidogo, hiyo sikosi kwenye friji.

Ila fundi wa ujenzi hana ujanja huo. Sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi 9:30 mchana, mwezi wa sita mpaka wa nane, sheria nzuri kabisa, lakini saa kumi jua bado linachoma na wao washarudi juu ya jengo. Vijana wa pikipiki nao wanaleta biriani saa nane mchana kwa sababu mimi na wewe tumeagiza, jamani tuagize jioni, na akija apewe maji ya baridi kabla hajageuza. Dada wa kazi za ndani naye awekewe feni jikoni, kuosha gari kusubiri usiku.

Na ukimuona mtu juani anaanza kuongea ovyo au anayumba na mwili unawaka moto, usiseme kachoka tu, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na upige 9999, namba ya dharura ya huku, hapohapo. Kama hajitambui usimnyweshe kitu.