Kahlo hakuchora ili ayasahau maumivu
Makala niliyoisoma inaueleza uchoraji kama njia ya kumsahaulisha mgonjwa maumivu yake ya kudumu, nami naona hapo mwandishi amelipunguzia jambo hili uzito. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko aliyeumia vibaya katika ajali ya basi nchini humo mwaka 1925, aliyakabili maumivu yake ana kwa ana: katika picha ya mwaka 1944 alijichora kifua kikiwa wazi, nguzo iliyovunjikavunjika ikikaa mahali pa uti wa mgongo, na misumari imemchoma hadi usoni, ule mkubwa zaidi ukiwa upande wa moyo. Maumivu yanakaa wapi na yanazidi wapi, hayo namba kati ya 0 na 10, ambayo mgonjwa huulizwa aitaje ili kuonyesha ukali wa maumivu, haimwelezi daktari, na ndiyo maana ningependa wagonjwa waruhusiwe pia kuchora wanapohojiwa.