Kabla ya Kuuziwa Fleti, Tupewe Ardhi

Mombasa ina watu wengi wenye nyumba wasio na ardhi. Mgeni hushangaa akisikia, lakini mtu wa Majengo, Kisauni au Likoni anayajua haya tangu utotoni. Babu alijenga nyumba ya Kiswahili, vyumba pande mbili na ukumbi katikati, juu ya kiwanja cha mwenyewe asiyeonekana. Wajukuu wameirithi nyumba, wanapangisha vyumba viwili vitatu wapate cha kuweka jikoni, na bado wanalipa kodi ya kiwanja. Mwenye ardhi akiuza, mikononi mwao hubaki mabati na mbao za kung'oa. Benki haiwakopeshi kwa nyumba hiyo, kwa hiyo haikarabatiwi, nayo inazidi kuchakaa. Kisha anakuja mkubwa kutuambia mtaa wetu unaharibu sura ya mji!

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Mwambao wajitokeze kudai mashamba yao ili yaandikishwe. Waliokuwa na makaratasi na waliojua mlango wa kubisha waliandikishwa. Wengi wengine, hasa Wamijikenda, waliachwa nje, wakawa maskwota pale pale walipozikwa wazee wao. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, hati zile ziliendelea kutambuliwa.

Ndiyo maana nakereka ninapoona suala la makao katika kaunti hii likigeuzwa hesabu ya ghorofa. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote kugharimia nyumba hizo, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Anayepata shilingi 30,000 anatoa 450 kila mwezi. Je, yeye ataipata lini nyumba? Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000 tu, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu familia zaidi ya milioni 12. Kibarua wa bandarini au mama wa viazi karai hawezi kuonyesha hati ya mshahara, hata kama hajawahi kuchelewesha kodi.

Tazameni Buxton. Ulikuwa mtaa wa kaunti, tulioachiwa na baraza la mji la enzi za ukoloni, wenye nyumba za kupanga. Ulibomolewa mwaka 2021 na mahali pake zikajengwa fleti za kuuza. Sikatai, nyumba zile za zamani zilikuwa zimechoka. Lakini ardhi ya umma ndani ya kisiwa ni kidogo sana, na ndiyo pekee ambapo mtu wa kipato cha chini angeweza kupanga karibu na kazi. Ukishaiuza kwa fleti fleti, utaipata wapi nyingine?

Anayeshindwa na kodi za kisiwani huvuka Likoni. Huko chumba ni nafuu, na feri haimtozi anayevuka kwa miguu, lakini foleni inamla asubuhi na jioni. Wa Nyali anavuka daraja na gari lake.

Wapangaji nao wameachwa wajitetee wenyewe. Baraza la kudhibiti kodi za nyumba lipo kisheria, ila linamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Siku hizi chumba cha bei hiyo chenye maji na choo cha maana utakitafuta sana mjini. Mwenye nyumba akipandisha kodi ghafla, wengi wetu tunafungasha virago.

Serikali ikitaka inaweza. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, lilinunuliwa na serikali na wakaaji wakaanza kupewa hatimiliki mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya mvutano. Basi lifanyike hivyo Kisauni na Majengo pia: kaunti iandikishe kila nyumba iliyo juu ya ardhi ya mtu mwingine, mwenye ardhi alipwe bei ya haki, na mwenye nyumba apewe hati kwa malipo anayoyamudu. Na mitaa ya kaunti iliyosalia ibaki ya kupanga. Magavana na wabunge wanaotuomba kura watuandikie hayo kwenye manifesto zao, wataje mtaa na mwaka.