Baada ya maonyesho, ukuta unakwenda wapi?

Alejandro Aravena, msanifu majengo wa Chile, alipopewa kazi ya kuratibu maonyesho ya usanifu majengo ya Venice mwaka 2016, vyumba vya kuingilia alivijenga kwa mabaki ya maonyesho ya sanaa ya mwaka uliotangulia: mita za mraba 10,000 za bodi za jipsamu na kilomita 14 za vyuma vya fremu. Vipande vya bodi vilipangwa ukutani kama matofali, vyuma vikaning'inizwa darini. Mzigo wote ulizidi tani 90. Mgeni alipata somo la mazingira kabla hajasoma bango hata moja.

Kazi ile bado inafaa kuwa kipimo. Maonyesho mengi ya usanifu siku hizi yanahubiri kuhusu joto, mafuriko, makazi na haki za wenye ardhi. Sina ugomvi na mahubiri. Ila maonyesho yenyewe ni ujenzi, tena ujenzi wa kubomolewa baada ya miezi sita hivi, na jinsi yalivyojengwa husema kweli kuliko maandishi ya ukutani.

Chukua ukuta mmoja tu. Bodi ya jipsamu kwa kawaida ina upana wa sentimita 120, na vyuma husimamishwa kila baada ya sentimita 60 ili kingo za bodi mbili zikutane juu ya chuma kimoja. Ukifungwa kwa skrubu peke yake, ukuta huo unafunguka na bodi zinatoka nzima. Balaa huanza pale mtu anapotaka ukuta usioonyesha maungio. Maungio yanazibwa kwa utepe na puti, vichwa vya skrubu vinafukiwa, kisha rangi inapigwa mikono miwili au mitatu. Siku ya kubomoa fundi haoni skrubu iko wapi, kwa hiyo anachukua nyundo. Kinachobaki ni kifusi cha karatasi, puti, rangi na jipsamu ambacho ni tabu kukirejeleza. Na jipsamu ikizikwa jalalani pamoja na taka zinazooza, bakteria wa kwenye unyevu usio na hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza.

Dawa yake haihitaji teknolojia. Acha skrubu zionekane. Acha mwanya wa milimita chache kati ya bodi, usizibe. Panga urefu wa ukuta kwa kipimo cha bodi: sentimita 360 au 480, si 400, maana 400 inakulazimu kukata kipande cha 40 na kubaki na cha 80 ambacho hakina kazi. Ukitaka rangi, tundika kitambaa. Wapo watakaosema ukuta wa namna hiyo haupendezi, na mara nyingi wako sahihi. Lakini kama mada ya chumba ni mustakabali wa dunia, ukuta laini mweupe ndio unaopaswa kujieleza.

Kwenye maonyesho hayohayo ya Venice, ambako kila nchi ina banda lake, Ujerumani ilikwenda mbali zaidi mwaka 2023. Banda lake lilijazwa vifaa vilivyokusanywa kutoka kwenye mabanda ya nchi zaidi ya 40 baada ya maonyesho ya sanaa ya 2022: mbao, vyuma, vitambaa. Vilipangwa na kuandikwa kama stoo ya fundi, karakana ikawekwa pembeni, na vifaa vikatumika kwa matengenezo. Lilikuwa banda la watu wanaofanya kazi, na ndiyo maana lilieleweka.

Kuna mtego mwingine: malighafi za kibayolojia. Mwaka 2014, kwenye ua wa MoMA PS1, tawi la jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, kampuni ya usanifu ya The Living ilisimamisha mnara wa matofali kama 10,000 yaliyooteshwa kwa mabua ya mahindi na nyuzi za kuvu, na baadaye matofali hayo yakageuzwa mboji. Tangu hapo kuvu imekuwa pambo la maonyesho. Inaoteshwaje? Mabua yaliyosagwa na kuuliwa vimelea huchanganywa na mbegu ya kuvu, hujazwa kwenye kalibu, huachwa siku tano hadi saba, kisha tofali hukaushwa kwa joto ili kuvu ife. Hapo pa mwisho ndipo wengi wanapokosea. Tofali lisilokauka hadi kwenye kiini huota ukungu wa kijani au hata uyoga, na likikauka nusunusu hupinda. Tena nguvu yake ni ndogo mno ukililinganisha na tofali la kuchoma, kwa hiyo popote unapoona ukuta mrefu wa kuvu, angalia nyuma yake: aghalabu kuna fremu ya mbao au chuma inayobeba. Si kosa kuiweka fremu hiyo. Kosa ni kuificha.

Picha za kompyuta nazo zina dhambi zake, hasa maghorofa yenye misitu kwenye baraza. Piga hesabu ndogo. Mti unahitaji kina cha udongo cha kama mita moja. Udongo uliolowa una uzito wa takriban tani 1.8 kwa mita ya ujazo. Basi kila mita ya mraba ya bustani hiyo ni kilo 1,800, wakati sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 200 hivi za watu na samani kwa mita ya mraba. Mara tisa. Mzigo huo unataka zege nene na nondo nyingi zaidi, na saruji yake imekwisha kutoa kaboni kabla mti haujatoa jani la pili. Kibandiko kinachotaja kina cha udongo, uzito wake na maji ya kumwagilia kwa siku kingetosha kumfanya mgeni ajiamulie mwenyewe. Hukioni.

Bahrain, iliyopata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya mabanda ya Venice, mwaka 2025, ilionyesha njia ya uaminifu. Wazo la banda lake lilikuwa kupoza sehemu za kazi za nje kwa hewa ipitayo ardhini, huku bomba refu linalopashwa na jua likivuta hewa moto juu. Kwenye jengo la Venice haikuwezekana kuchimba, ikabidi mashine isukume hewa, na hilo likaelezwa.

Upande wa jamii, swali la kwanza ni nani ameruhusiwa kuingia. Mwaka 2023 Lesley Lokko, mratibu wa maonyesho ya Venice, aliita washiriki 89, zaidi ya nusu wakiwa Waafrika au wa asili ya Afrika, na watu watatu wa timu yake kutoka Ghana wakanyimwa viza ya Italia. Swali la pili ni kazi inafanya nini nje ya ukumbi. Maonyesho ya usanifu ya Sharjah, Falme za Kiarabu, mwaka 2019, yalitandaza turubai ya Ngurrara, mita 8 kwa 10, iliyochorwa na wasanii wenyeji wa Australia wapatao 40 mwaka 1997 kama ushahidi wa madai yao ya ardhi. Haki yao ilitambuliwa mwaka 2007. Hiyo ilikuwa hati ya kisheria kabla haijawa pambo la ukumbi.

Na wakati mwingine maonyesho huzaa jengo kweli. MoMA mwaka 2010 iliyapa makundi matano ya wasanifu maeneo ya bandari ya New York kuyafikiria upya bahari ikipanda. Kundi moja, ofisi ya usanifu wa mandhari ya SCAPE, lilikuja na miamba ya chaza iliyosukwa kwa kamba. Baada ya kimbunga Sandy cha 2012 wazo hilo liliendelezwa na kuwa vizuizi vinane vya mawimbi mbele ya Staten Island, jumla ya mita 730 hivi, vilivyokamilika 2024. Kamba hazikufika. Mawimbi ya pale yalitaka mawe makubwa, na vipande vya zege vyenye uso wa kukwaruza na vishimo ili viumbe vipate pa kushika. Chaza wenyewe hawaliwi. Maji ya bandari bado ni machafu.