Kishindo Kisicho na Mwenyewe

Aliyekulia pwani ya Tanga miaka ya baruti hahitaji kuelezwa kishindo ni nini. Umeketi na chai yako asubuhi, vyombo vinagongana kabatini, dirisha linatetemeka, kisha kimya. Hukuona moshi, hukuona mtu. Aliyerusha baruti kwenye kundi la samaki keshajiondokea na ngalawa yake. Siku hizi uvuvi huo umepungua sana, nami nilikuwa nimeanza kuusahau, mpaka jioni moja barazani Ngamiani kijana mmoja alipotuonyesha kwenye simu ndege nyembamba yenye pua ndefu kama chuchunge. Itapita kasi ya sauti, akasema, na huku chini hakuna atakayeshtuka. Mzee mmoja mvuvi, kikombe cha kahawa mkononi, akamtazama.

"Wamemuuliza nani, mjukuu wangu?"

Tukacheka. Mwingine akadakia kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo, basi kwa ndege hii wageni wataondoka kabla hawajafika. Lakini swali la mzee limenikaa, maana ndege ile imeundwa hasa kwa ajili ya kuuliza. Jina lake ni X-59, na kazi yake si kubeba abiria. Kazi yake ni kupita juu ya miji, kisha watu wa chini waulizwe wamesikia nini na kimewaudhi kiasi gani.

Nianze na kinachostahili sifa. X-59 iliundwa na kampuni ya Lockheed Martin kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, huko Palmdale, California. Ina urefu wa mita 30 na kidogo, mabawa yake toka ncha hadi ncha ni mita 9 tu, na nafasi ya mtu 1. Tarehe 28 Oktoba 2025 rubani Nils Larson aliirusha mara ya kwanza, mwendo wa taratibu, magurudumu yakiwa nje safari nzima. Wapo waliokejeli mtandaoni kwamba ndege ya kasi kuliko sauti imekwenda kama teksi. Hawajui kazi hii ilivyogharimu watu. Mwaka 1956 Mel Apt alikuwa binadamu wa kwanza kuvuka Mach 3, yaani kasi ya sauti mara 3, akiwa na ndege ya X-2. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurusha ndege ya roketi. Alipokata kona, ndege ilimponyoka, na hakurudi akiwa hai.

Sasa kishindo chenyewe. Wengi hudhani hutokea mara moja, pale ndege inapoivuka kasi ya sauti, halafu basi. Simama Raskazone boti ya kasi ikipita nje ya ngalawa zilizotia nanga. Boti imeshapita, maji yametulia, ndipo wimbi lake linapofika: ngalawa ya kwanza inayumba, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Kila moja imeyumba mara moja tu, lakini boti inaliburuta wimbi hilo njia nzima. Ndege iliyoipita sauti hufanya vivyo hivyo hewani, na ukanda unaoguswa chini si mwembamba. Ndege ikiwa mita 15,000 juu, upana wake hufika kilomita 80 hivi. Ikipita juu ya Muheza, sisi wa Tanga mjini tumo.

Kwa ndege za zamani, mshtuko wa hewa wa puani, wa mabawa, wa mdomo wa injini na wa mkiani ulikuwa ukiungana njiani, hadi unafika chini umekuwa mapigo mawili: pa-paa! Waliochora X-59 waliazimia kuizuia mishtuko hiyo isikutane. Pua, ambayo ni karibu theluthi ya ndege nzima, imerefushwa ili hewa isogezwe kidogo kidogo. Injini imepandishwa mgongoni ili mshtuko wake uelekee juu. Kila kitu kina bei yake, na bei ya pua hiyo ni kwamba rubani hana kioo cha mbele: huona aendako kwa kamera na skrini. (Mafundi wetu wa majahazi wangemwonea huruma nahodha wa chombo cha namna hiyo.) Lengo ni kishindo kishuke hadi desibeli 75, kwa kipimo kinachofuata namna sikio linavyohisi ukubwa wa sauti, wakati Concorde, ile ndege ya abiria ya zamani iliyopita kasi ya sauti, ilikuwa karibu 105. NASA huifananisha na sauti ya mlango wa gari unaofungwa ng'ambo ya barabara. Kwa masikio ya huku ningesema nazi imeangukia mchangani, uani kwa jirani.

Wanaoitetea ndege hii wana hoja moja ambayo sijaona jibu lake. Tangu 1973 Marekani ilikataza ndege za kiraia kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu, na katazo hilo lilitaja kasi tu, kelele halikuigusa. Hata ungeunda ndege ya kasi inayopita kama paka, sheria ilikukatalia. Katazo la namna hiyo huua ubunifu, kwa sababu hakuna atakayetia fedha kwenye ukimya usiomlipa. Isitoshe, mwaka 2025 tarehe 28 Januari ndege ndogo ya majaribio ya kampuni ya Boom, XB-1, ilifika Mach 1.12 juu ya jangwa la Mojave, na kampuni ikatangaza kwamba kishindo hakikufika ardhini. Hila yake ni ya kimaumbile: sauti huenda kasi zaidi kwenye hewa ya joto, na hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, kwa hiyo wimbi linaposhuka hupinda na kurudi juu kabla halijagusa chini. Inapendeza. Ila hufaa tu kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya sauti, na hutegemea joto na upepo wa siku hiyo. Safari ya saa 10 kwa ndege za leo, kwa mwendo huo ingekuwa kama saa 8. Si haba, lakini si yale ya kunywa chai London na kula chakula cha mchana Dar es Salaam.

Hapo ndipo naachana na washangiliaji, na kisa changu ni Oklahoma City. Mwaka 1964, kuanzia Februari hadi Julai, serikali ya Marekani ilirusha ndege za kivita juu ya mji ule na kupiga vishindo 1,253, mchana, kwa ratiba, ili ijue watu watavumilia kiasi gani. Katika wiki 14 za mwanzo majengo mawili marefu ya mji yalivunjika vioo 147. Mwishoni, takriban robo ya walioulizwa walisema hawawezi kuishi na hali ile. Tazama sasa namna hesabu hiyo inavyosomeka. Mpenda ndege atakwambia robo tatu walikubali, na hasemi uongo. Mpinzani atakwambia mtu 1 katika kila 4 alikataa, naye hasemi uongo. Na wote wawili husahau kwamba usiku watu wale waliachwa walale.

NASA wa sasa wamejifunza. Novemba 2018, kabla X-59 haijaundwa, walikwenda Galveston, Texas, mji wa pwani kama wetu, wakaandikisha watu wapatao 500 waliojitolea kujaza maswali. Ndege za kivita za F/A-18 zilikuwa zikipiga mbizi angani juu ya Ghuba ya Mexico kwa namna ya kuyaacha makali ya kishindo baharini, mjini kufike mguno tu. Mbinu safi kabisa, na maswali yaliandikwa kwa makini. Lakini mimi ni mtu wa pwani, nikisoma "makali yaliachwa baharini" nauliza kwanza nani alikuwa majini. Kwa mwenye kiti ofisini, bahari ni mahali pasipo mtu. Mzee wangu wa kahawa hulala huko usiku mzima na karabai yake.

Serikali ikisimama kidete, hata maji yana wenyewe. Desemba 1977 Concorde ilianza safari za London hadi Singapore kupitia Bahrain. Baada ya safari 3 za kwenda na kurudi zikasitishwa, kwa kuwa Malaysia haikutaka ndege ile ipite kwa kasi hiyo juu ya Mlango wa Malacca. Upande mwingine kuna tarehe 30 Juni 1973, Concorde ya majaribio ilipoondoka Las Palmas na kukifukuza kivuli cha kupatwa kwa jua juu ya Sahara, wanasayansi ndani, wakakaa kwenye giza kamili kwa dakika 74 kabla ya kutua Chad. Ni kisa kizuri na kila mara husimuliwa habari za jua. Za waliokuwa chini, kwenye mchanga wa Mali na Niger, hazisimuliwi.

Kijana wetu hakukubali kirahisi. "Babu, hapa Ngamiani kuna bodaboda zilizotobolewa ekzosi, kuna vigodoro mpaka alfajiri. Nazi moja ikianguka nani atasikia?" Hoja ina uzito kuliko anavyodhani mwenyewe, kwa sababu kelele za mji huifunika kweli sauti ndogo. Ila kigodoro kina mwenyewe. Najua nyumba, naweza kwenda kumwomba mama mwenye shughuli apunguze spika, na akikataa kuna balozi wa mtaa. Kishindo cha angani hakina mlango wa kubisha. Ndicho kilichotuudhi kwenye baruti pia, zaidi ya ukubwa wa sauti.

Tena nazi ya mchangani na nazi ya juu ya bati si sauti moja. Vipimo vinavyokusanywa Marekani vinahusu nyumba za Marekani: dari nzito, madirisha ya kioo yaliyofungwa. Kwetu ni bati lisilo na dari, misumari imelegea, dirisha la nyavu wazi usiku kucha. Inawezekana bati likazidisha mtikisiko. Inawezekana pia nyumba iliyo wazi ikaupunguza, kwa kuwa hewa haikubanwa ndani. Jambo hili halipatikani kwa kukisia. Linataka vinasa sauti juu ya paa. Na matokeo ya X-59 yamekusudiwa kufikishwa kwenye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Tanzania ni mwanachama, ili yazae kiwango cha dunia nzima.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni haraka. Tarehe 6 Juni 2025 Rais Trump alisaini amri ya kutaka lile katazo la 1973 liondolewe. Siku hiyo X-59 ilikuwa bado haijawahi kuacha ardhi. Mtu haagizi kipimo cha damu huku dawa keshaimeza.

Kuhusu mafuta nitasema kwa kifupi: Concorde ilikunywa mno kwa abiria wake 100, na watafiti wa mazingira wamekadiria kwamba ndege mpya za aina hii zitatumia mafuta mara 5 hadi 7 kwa kila abiria kuliko za kawaida. Mpanda daladala wa Chumbageni hatakuwa ndani yake. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya biashara, na majaribio mimi sina ugomvi nayo. Natamani yaendelee, hata yaongezwe: paa la bati moja Ngamiani, moja kijijini Tongoni, na kinasa sauti ndani ya ngalawa. Wawakilishi wetu wakienda kwenye vikao vya kiwango hicho, waombe hayo kabla ya kunyoosha mkono.

Nilimweleza mzee wazo hilo juzi. Hakuliona la ajabu. "Waje wakati wa maleleji," alisema, "bahari ikiwa shwari. Kusi likivuma humsikii hata anayekuita kwenye ngalawa ya pili, sembuse hiyo nazi yenu."